Tilda Ametambaa, Tukaushe

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka la misumari la Alder Falls, Wisconsin: benchi moja refu, saruji chini, na birika kubwa la kahawa ambalo mwenye duka hulijaza mara moja tu asubuhi, halafu hataki kuulizwa. Mimi niligawa barua mji huu miaka thelathini na moja, kwa hiyo najua nani ni nani na nani alimwandikia nani. Kulia kwangu hukaa Norbert, tunayemwita Meya kwa sababu amegombea umeya mara tatu na kuangushwa mara tatu. Kushoto ni Darlene, yaani Redio, na jina hilo halihitaji maelezo. Juu ya ndoo iliyopinduliwa hukaa Elroy, Daktari, ambaye wagonjwa wake wote maishani walikuwa ng'ombe. Ilikuwa Jumamosi ya tamasha la mahindi. Ng'ambo ya barabara, kwenye bustani, watu walikuwa wanachovya mahindi kwenye makopo ya siagi iliyoyeyushwa, na bendi ya polka ilikuwa inaurudia wimbo uleule kwa mara ya nne. Saa nane na dakika arobaini mchana, Brent Sobczak akavuka barabara anasukuma kigari cha mtoto mbio, kama mtu anayefukuzwa.

— Niambieni hamkuona, akasema, hata salamu hajatoa.

— Tumeona, akajibu Meya. Mji mzima umeona. Hongera, Baba Tilda!

— Usinipe hongera, mzee wangu. Nimekwisha.

Ndani ya kigari alikuwa Tilda mwenyewe, miezi minane, mashavu yanang'aa siagi, na utepe wa bluu wa mshindi wa kwanza umebandikwa kifuani. Alikuwa anautafuna.

Nieleze kidogo, maana bila hili mtamwona Brent mwehu. Mkewe, Annika, anafanya kazi kiwanda cha kutia mboga kwenye makopo. Juni ni njegere, Julai maharage machanga, Agosti mahindi, na mahindi hayajui Jumapili. Anaingia saa tisa alfajiri, anatoka saa tisa mchana, na kwa kuwa kila wikiendi ya kiangazi hapa kwetu ina tamasha lake, Brent ndiye anayezunguka na mtoto. Jino la kwanza likaota kwenye tamasha la jibini. Kicheko cha kwanza kikatoka kwenye polka, siku mpiga akodiani alipokalia soseji. Makofi ya kwanza yakapigwa kwenye mashindano ya matrekta. Yote hayo Annika aliyasikia kwa Redio, walipokutana kituo cha mafuta. Alhamisi akamwambia mumewe mbele yetu, taratibu, bila kugomba: "Jino sikuliona. Kicheko sikukisikia. Kutambaa, Brent, nisubirini." Mimi nilitazama pembeni. Kuna maneno yanaumiza hata ukiwa si baba wa mtoto.

— Sasa wewe kilichokupeleka kwenye mbio za watoto kutambaa ni nini? akauliza Redio.

— Mama yangu! Leo ukoo mzima wa Sobczak umekutana, watu sitini na watatu, wote fulana za njano za sare. Kaandikisha wajukuu wote. Ningesema nini?

— Ungesema hapana.

— Wewe unamjua mama yangu?

Redio akalifuta wazo hilo kwa mkono. Anamjua.

— Halafu nilipiga hesabu, Brent akaendelea. Tangu mwezi wa saba Tilda anajua kitu kimoja, kurudi nyuma. Na sheria za mbio zinasema kurudi nyuma si kutambaa. Nikajua yuko salama. Tungepiga picha, tukaenda zetu kula. Sasa nani alisimama mwisho wa uwanja na hindi mkononi?

Tukamgeukia Daktari. Daktari akaangalia kahawa yake.

— Nilikuwa nakula, akasema. Mtu haruhusiwi kula?

— Ulikuwa unalitikisa!

— Nilikuwa nakung'uta siagi.

— Futi kumi, Daktari! Kaja mbele futi kumi, kawapita binamu zake wote, halafu kaling'ang'ania gunzi lako kama deni. Na Annika anatoka kazini dakika ishirini zijazo.

Hapo kila mmoja wetu akajimiminia kahawa, maana kijiwe hakifikiri kikiwa kikavu.

— Rahisi tu, akasema Redio. Tukaushe. Hakuna aliyeona kitu.

— Umeshawaambia wangapi? nikamuuliza.

— Kumi na mmoja. Lakini niliwaambia wasiseme.

Meya akakohoa kile kikohozi chake cha kwenye kampeni.

— Ndugu zangu, kisheria mtoto huyu hajatambaa. Bustani ile imeinama kuelekea mtoni, mimi nilishalisema hilo mwaka wa tisini na nane na hawakunichagua. Ukimweka mtoto pale anateremka mwenyewe. Hata boga lingeshinda.

— Meya, mstari wa kumalizia uko upande wa juu, nikamwambia.

— Basi ndiyo ushahidi kwamba wamekosea kupima. Matokeo yafutwe.

— Yakifutwa, mtoto atakuwa hajatambaa? akauliza Brent, na niliona kabisa kwamba ana matumaini.

— Kwenye karatasi, hapana.

Daktari akatikisa kichwa. Yeye ana njia ya kitaalamu.

— Ndama akisimama kabla mama yake hajamwona, unamlaza tena kwenye majani makavu, unamshibisha, baada ya nusu saa kasahau kama ana miguu. Tumshibishe Tilda. Viazi vya kupondwa, bakuli mbili. Atakuwa mzito, atalala, akiamka hajui kitu.

— Mwanangu si ndama, Daktari.

— Sijasema ni ndama. Nimesema tumbo ni tumbo.

— Mimi nina bora kuliko hiyo, Redio akadakia. Si wote wamevaa njano? Si wote vipara? Tuseme aliyeshinda ni Otto, mtoto wa dada yako.

— Otto ana nywele nyekundu mpaka mabegani.

— Tumnyoe.

— Redio!

— Nywele si zinaota?

Meya akasimama kabisa. Alikuwa amepata kubwa kuliko zote.

— Sikilizeni. Annika anaamka saa nane za usiku, sivyo? Anafanya kazi wakati sisi tumelala, analala wakati sisi tuko macho. Siku yake si siku yetu. Kwake yeye, Jumamosi inaanza akitoka kiwandani, saa tisa. Kwa hiyo jambo lililotokea saa nane halijatokea leo. Na jana halikutokea, kila mtu ni shahidi. Kama si leo na si jana, limetokea lini?

Tukaanza kuitafuta hiyo lini. Nakiri kwamba kwa muda hivi niliona ana hoja. Ndiyo hasara ya kahawa ya duka la misumari.

— Mimi siwezi kumdanganya, Brent akasema kwa sauti ndogo. Nikimdanganya Annika masikio yanakuwa mekundu. Anayajua. Alinikubali uchumba kwa kuyaangalia masikio.

— Vaa kofia, Redio akamwambia, akampokonya Daktari kofia yake yenye nembo ya kampuni ya mbegu za soya na kumvalisha Brent mpaka kwenye nyusi.

Tukaanza kazi. Redio akampangusa Tilda mashavu. Meya akauficha utepe wa bluu ndani ya kofia yake mwenyewe. Daktari akala hindi lililobaki, akasema anaharibu ushahidi. Halafu tukafanya mazoezi ya kushangaa, kwa kuwa mpango ulikuwa huu: Annika akifika, Tilda awekwe chini, atambae, sisi tupigwe na butwaa. Redio alishangaa vizuri. Daktari alishangaa kwa kuvua meno ya bandia. Meya, masikini, akishangaa anafanana na mtu aliyebanwa na mlango.

— Punguza, nikamwambia.

— Hivi ndivyo ninavyoshangaa!

King'ora cha kiwanda kikalia. Dakika nane baadaye Annika akatokea pembeni ya kona, viatu vyeupe vya mpira, neti ya nywele bado kichwani, ananuka mahindi kuliko tamasha lenyewe. Alikuwa amechoka mpaka akitembea anayumba, lakini alipoona kigari akaongeza mwendo.

— Mmeshindaje, wazee?

— Salama kabisa! tukajibu wote kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno.

Annika akasimama hatua chache kutoka kwenye benchi, akachuchumaa. Brent akamweka Tilda kwenye saruji. Mtoto akamwona mama yake. Akainua kichwa, akatoa mate kidogo, akaweka mkono mbele, halafu goti, halafu mkono, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye viatu vyeupe.

— Lahaula! akapiga kelele Redio. Anatambaa!

— Kwa mara ya kwanza! akaongeza Meya, uso umebanwa na mlango.

Daktari akavua meno.

Annika hakutusikia. Alikuwa amemnyanyua mwanawe, pua imezama shingoni kwake, mabega yanatikisika, anasema "umekuja, umekuja mwenyewe" tena na tena. Mimi macho yakanilowa. Nikajiambia, basi, uongo huu hata Mungu atausamehe. Kisha Annika akamshusha kidogo ili amtazame vizuri, akamgeuza huku na huku, akamshika mguu mmoja, halafu wa pili.

— Mbona magoti yake ni ya kijani? akauliza.

Nilitazama chini. Saruji. Nikatazama kulia, saruji. Mbele ya duka la misumari hakujawahi kuota unyasi hata mmoja. Meya akanyanyua kikombe chake ili ajifiche nyuma yake, kumbe kitupu. Mimi nikalifungua bomba la birika. Likatoa tone moja, basi.

Brent akavua kofia. Masikio yalikuwa kama nyanya mbili.

Annika akayaangalia masikio hayo muda mrefu. Hakugomba. Uso wake ulianguka, kisha ukajikusanya, na sitaki kuuona tena ukifanya vile.

— Umbali gani? akauliza.

— Futi kumi, akasema Brent. Nisamehe, mke wangu. Mama alimwandikisha, halafu Daktari na hindi lake…

— Futi kumi tu?

— Kumi. Zilipimwa.

Annika akamrudisha Tilda kwenye saruji, miguuni petu, magoti ya kijani yanaelekea barabarani. Akarudi kinyumenyume. Akapita pale alipochuchumaa mwanzo, akapita sanduku la barua, kila mara anaweka kidole nyuma ya kisigino, kidole nyuma ya kisigino, anahesabu futi kimoyomoyo midomo inacheza. Akaongeza moja. Akavua neti ya nywele na kufungua mikono.

— Huku kwangu ni kumi na moja, akasema. Haya, mama, njoo.

Tilda akaanza kwa kurudi nyuma kidogo, kama gari linalotoka gereji. Kisha akaja. Safari hii hakupiga kelele hata mmoja wetu, na Redio hajamsimulia mtu mpaka leo.