Ndoo Nyeupe ya Mama Dorine

Wapendwa mliokuja kusimama nasi hapa Mwihoko, anayewasomea ni Gerishon, mdogo wa marehemu, nimepewa karatasi hii na familia na nikaambiwa nisiongeze yangu, lakini wanaonijua wanajua hilo ni gumu.

Idah Ngendo Githae alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kalimoni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Stanley Ndirangu na marehemu Tabitha Nyokabi. Alianza shule ya msingi hapo hapo Kalimoni mwaka wa 1975, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1981, kisha akasoma sekondari huko Gatundu hadi kidato cha nne mwaka wa 1985, ambapo mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake kwamba ana bidii ila haambiliki, jambo ambalo sisi wa nyumbani hatukuhitaji kuandikiwa.

Mwaka wa 1987 aliajiriwa jikoni kwenye shamba moja la kahawa karibu na Ruiru, akajifunza kuoka kwa sufuria na makaa juu ya kifuniko, na Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 1991 akafunga ndoa kanisani na Bedan Githae, fundi wa mabomba, ambaye ameketi hapa mbele yenu. Keki ya siku hiyo ilitoka Nairobi, sukari yake ngumu kama plasta, ndani yake matunda ya mkebe ambayo hakuna mgeni aliyeyajua, na bibi harusi akaapa papo hapo, mdomo umejaa, kwamba mtoto wake hatawahi kukata keki ya namna hiyo.

Ndipo kazi yake ilipoanzia. Wachumba wakija kuagiza, kabla hajauliza keki iwe ya ghorofa ngapi aliwauliza kwao wanalima nini, wa Gatanga akawawekea makadamia, wa Ruiru kahawa, wa Thika mananasi aliyoyakausha mwenyewe juu ya mabati, na kwa mapambo akafinyanga kwa sukari maua meupe ya mti wa kahawa, au maporomoko ya maji ya Fourteen Falls yakishuka ngazi kwa ngazi, na kuna mzee wa Mwiki aliyekataa keki ya mwanawe ikatwe mpaka apigwe picha nayo, yeye na keki tu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Mwas mwaka wa 1993 na Dorine mwaka wa 1997, na mwaka huu Dorine alipochumbiwa na Austine, mwana wa Mzee Kaleli wa Ngoliba, mama yake alisema sasa ndiyo ile keki. Ingekuwa ya ghorofa tatu, chini mananasi ya kwetu, katikati kahawa, na juu kabisa maembe ya wakwe, ili wapewe ghorofa yao wakaile kwao. Tarehe 20 Oktoba alichanganya matunda makavu, makadamia, asali na ndimu kwenye ndoo nyeupe, bila tone la pombe kwa kuwa alikuwa mama wa kanisa, akafunika yalowe hadi siku ya kuoka, akasema yale aliyosema miaka yote, kwamba mkono mwingine usiiguse.

Jumatatu ya tarehe 3 Novemba alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Thika, mkono wa kulia umekufa na ulimi pia. Dorine alikuwa naye kila siku, na kila siku mama alimtazama, akainua mkono wa kushoto, akauzungusha hewani, na mtoto akajua ni harusi inayomsumbua, akamwambia asiwe na wasiwasi, ndoo iko pale pale, hakuna aliyeigusa. Mama akatokwa na machozi. Sisi tuliona ni ya furaha, jameni, hata mimi nilimwambia vivyo hivyo mara tatu, nikatoka nikijisifu kwamba nimemtuliza.

Alituacha Alhamisi ya tarehe 27 Novemba 2025, saa nne asubuhi. Kesho yake Becky, aliyeoka naye zamani, alikuja kutupa pole, akaona ndoo, akauliza nani amekuwa akiikoroga, kwa maana matunda yasipokorogwa kila siku ya tatu huelea juu ya asali na kuoza, na Ngendo alikuwa akiamka mapema kufanya hivyo kabla sisi hatujatoka vitandani. Tulipofunua tulikuta ukungu mzito, Becky akasema hilo si la kulisha watu, na Dorine akaketi sakafuni akiuliza angejuaje, na mimi mwenye mdomo nikaukumbuka ule mkono wa kushoto ukizunguka hewani, kumbe alikuwa akituambia tukoroge.

Tunalia kwa uchungu na kwa kushindwa. Vipimo havikuandikwa popote, alipima kwa kikombe cha buluu na kwa kiganja chake, na kiganja hicho tunakizika leo. Wazee wa pande zote wamekubaliana harusi ibaki tarehe 13 Desemba, lakini kitakachosimama kwenye ile meza hatukijui. Jana wakwe walileta kapu la maembe kama walivyokuwa wamemwahidi, liko jikoni, yanazidi kuiva, na kila anayepita huyatazama tu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku ishirini na nne, majirani wa Mwihoko waliotupikia, waokaji wenzake wa Thika na Ruiru, kanisa, na Mzee Kaleli na watu wake.

Dada, ulisema tusiiguse, hatukuigusa. Pumzika kwa amani, ile tuliyokunyima pale kitandani tukidhani tunakupa.