Jiwe la Mwalimu Jovinary Bagenda, 1956–2025

Mwalimu Jovinary Bagenda alizaliwa tarehe 19 Machi 1956 huko Kamachumu, Wilaya ya Muleba, mtoto wa nne wa mzee Antoni Bagenda na mama Immaculata, wakulima wa ndizi na kahawa. Dada yake Prudencia anakumbuka kwamba akiwa na miaka minane alipanda juu ya paa la jiko, akaachia jiwe na yai la kuku wa mama yake kwa pamoja, ajue kipi kitatangulia chini. Vilifika pamoja, na fimbo ikafuata.

Alisoma shule ya misheni pale kijijini, akamaliza kidato cha sita mwaka 1975, na mwaka 1980 akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika fizikia na ualimu.

Alianza kazi Sengerema mwaka 1981, akahamia Mwanza mjini 1992, akastaafu Machi 2016. Wanafunzi wake hawajasahau somo lake la kwanza. Aliweka msumari mezani, akaunyanyua kwa sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio mbovu, kisha akauliza: "Dunia nzima inauvuta msumari huu chini, na kasumaku haka kameishinda. Nguvu ya dunia imekwenda wapi?" Hakuwapa jibu kwa sababu hakuwa nalo. Alikuwa na dhana tu, ambayo wapo wataalamu wanaoiwaza pia, kwamba ulimwengu una pande nyingine tusizoziona, na huenda mvutano mwingi wa dunia unavujia huko.

Mwaka 1982, akisubiri kivuko cha Busisi, alichuchumaa ukingoni akimtazama mdudu anayetembea juu ya maji. Kando yake alisimama muuguzi kijana wa Kisesa, Modesta Luhende. Mwalimu akamwambia, bila hata salamu: "Dada, mdudu huyu anajua mbele na nyuma, kulia na kushoto. Chini hakujui. Lakini sato wa chini anamwona." Modesta akamuuliza kama amekula tangu asubuhi. Hakuwa amekula. Walimaliza mihogo ya Modesta kabla kivuko hakijafika, na tarehe 7 Julai 1984 wakafunga ndoa Kisesa. Mungu akawajalia watoto watatu.

Yanayofuata, Mama Annet mwenyewe, mjane wa marehemu, ameomba yasomwe hapa kaburini, kila mtu akisikia.

Baada ya kustaafu, Mwalimu alifunga jiwe kwenye uzi, akalining'iniza darini katika chumba cha wageni, nyumbani Mkolani. Kila asubuhi saa nne alilisukuma kidogo, akahesabu mara mia linavyokwenda na kurudi, akaandika sekunde daftarini. Alitaka kuona kama mvutano unabadilika hata kidogo. Kwa miaka mitano aliandika maneno yale yale: "Leo hakuna kitu." Hakuwahi kukata tamaa.

Siku moja jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwao, na mtu akaliona jiwe lile. Maneno yakaenea kwamba Mwalimu ana hirizi. Aliondolewa katika zamu ya kusoma masomo kanisani, na wapo waliokataa chai ya nyumba ile. Oktoba 2021, Mwalimu akiwa Bukoba msibani, Mama Annet alikata uzi kwa kisu cha jikoni, akalitupa jiwe nyuma ya nyumba, kwenye mawe mengine yote ya Mkolani. Mwalimu aliporudi alilitafuta siku mbili. Hakugomba. Alifunga daftari, na hakulifungua tena.

Julai 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa hapa Mwanza, lakini Novemba 2024 aliomba kurudi nyumbani Mkolani. Huko, Mama Annet alipiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Alimweleza kwamba aliogopa watu, na aliogopa pia kwamba mumewe anamtafuta Mungu kwa uzi.

"Mungu simtafuti, Mama Annet, ninaye," alisema. "Natafuta uzito uliopotea. Tufungie jiwe jingine, mke wangu."

Mama Annet mwenyewe akalifunga juu ya kitanda cha mumewe. Kila siku saa nne Mama Annet alihesabu kwa sauti, Mwalimu akashika saa. Akifika mia, Mwalimu alisema, "Simama," kisha akaandika sekunde daftarini.

Jumanne tarehe 11 Februari 2025 Mama Annet alihesabu kama kawaida. Alifika mia. Hakusikia neno. Aliendelea mpaka mia na arobaini, kisha akageuka kumtazama. Daftarini ipo tarehe kwa mwandiko wa Mwalimu, na nafasi ya sekunde iko wazi.

Mama Annet anawaambia: halikuwa hirizi. Lilikuwa swali la mtu mwadilifu, na yeye ndiye aliyelitupa. Leo jiwe la pili limo jenezani, mkononi mwa Mwalimu.

Ameacha mjane, Modesta, watoto Annet, Obedi na Wilhelmina, wajukuu watano, dada yake Prudencia, na wanafunzi wasiohesabika.

Bwana aliyempa swali ampe sasa jibu lake, na amlaze mahali pema pasipo na uzito wowote. Amina.