Goti la Odeta

ODETA: Haloo? Haloo, misheni Kamanga? Naongea na Sista Tereza?

BIBI KOKULINDA: Sista katoka kidogo. Wewe ni nani? Sema taratibu, simu inakwaruza.

ODETA: Bibi! Ni mimi, Odeta. Shikamoo, bibi!

BIBI KOKULINDA: Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa utapiga, nimekaa hapa tangu mchana na roho juu. Kuna msiba?

ODETA: Hakuna msiba! Habari njema tupu. Jumamosi narudi uwanjani. Mirongo, pale pale nilipoumia. Tunacheza na timu ya kikapu kutoka Dar. Vuka na feri uje unione.

[Waya unakwaruza.]

ODETA: Bibi? Upo?

BIBI KOKULINDA: Nipo. Goti linasemaje?

ODETA: Limepona kabisa. Bomba!

BIBI KOKULINDA: Daktari kasema limepona?

ODETA: Daktari… amesema naendelea vizuri.

BIBI KOKULINDA: Anayeendelea vizuri ni mgonjwa, Odeta.

ODETA: Bibi nawe! Nakimbia, naruka. Juzi mazoezini nimenyakua mpira juu ya kichwa cha Wilhelmina, yule mrefu kama mnara wa kanisa, mpaka —

BIBI KOKULINDA: Justa alikuona Jumapili misani.

ODETA: Justa yupi?

BIBI KOKULINDA: Anayeuza ndizi Buzuruga. Usijifanye humjui, kakubeba mgongoni yule. Anasema wakati wa mageuzo, padri alipoinua hostia, kanisa zima lilipiga magoti, wewe umekaa kwenye benchi kama mgeni.

ODETA: Watu walijaa, bibi, hapakuwa na nafasi ya —

BIBI KOKULINDA: Na Krismasi ulinisalimia umesimama wima. Majirani wakasema mji umemharibu, siku hizi ana maringo. Nikawajibu, mwacheni, kachoka na safari. Safari gani ya kuvuka na feri?

ODETA: Mambo ya kizamani hayo. Wasichana wa siku hizi hawapigi magoti.

BIBI KOKULINDA: Basi mimi ni wa zamani. Piga magoti unisalimie.

ODETA: Kwenye simu?

BIBI KOKULINDA: Kwani simu imekukata miguu?

ODETA: Niko ofisini, bibi, kiwandani. Watu watanionaje?

BIBI KOKULINDA: Watu gani?

ODETA: Hakuna mtu.

BIBI KOKULINDA: Kama hakuna mtu, piga.

ODETA: Haya… Tayari. Shikamoo, bibi.

BIBI KOKULINDA: Hujapiga. Sakafu haijalia, na wewe hujahema. Mimi ni mzee, si kiziwi.

ODETA: [anacheka kidogo] Una vituko wewe! Haya, subiri. Nashika meza… nashuka… aah!

BIBI KOKULINDA: Odeta!

ODETA: Si kitu. Nimejigonga kwenye meza.

BIBI KOKULINDA: Na meza hiyo mbona inakohoa?

ODETA: Eh?

BIBI KOKULINDA: Nimesikia mwanaume anakohoa. Ni yule kocha wenu, Ishengoma? Kakaa hapo anasikiliza?

ODETA: Bibi, mimi —

BIBI KOKULINDA: Nyamaza. Nijibu ndiyo au hapana, asijue tunaongea nini. Linauma?

ODETA: Ndiyo, bibi. Ndizi zimefika, asante.

BIBI KOKULINDA: Unaweza kulikunja?

ODETA: Hapana. Zile mbivu sijazionja.

BIBI KOKULINDA: Sasa unarukaje? Unachomwa sindano ya kuua maumivu?

ODETA: …Ndiyo.

BIBI KOKULINDA: Yesu na Maria! Huyo Ishengoma! Mama yake nilimjua Muleba, mwanamke mcha Mungu, kumbe kazaa mchinjaji. Mpe simu!

ODETA: Hapana, bibi!

BIBI KOKULINDA: Anakulazimisha?

ODETA: Hapana.

BIBI KOKULINDA: Nani basi? Wenye kiwanda?

ODETA: Hapana, bibi. Hizo… hizo unanunua tu dukani. Siku hizi ni soko huria, kila kitu kinauzwa. Nyuma ya stendi pale Buzuruga.

BIBI KOKULINDA: Unakwenda mwenyewe?

ODETA: Ndiyo.

BIBI KOKULINDA: Ishengoma anajua?

ODETA: Hapana.

BIBI KOKULINDA: [anashusha pumzi] Na mimi nimekaa namlaani mtoto wa watu.

ODETA: [kwa sauti ya chini, haraka] Katoka mlangoni kuvuta sigara. Nisikilize, bibi. Hapa anaandika majina ya Jumamosi, limebaki moja. Matajiri wapya walionunua kiwanda wanakuja kuangalia. Wanasema timu ya kiwanda inakula bure. Nisipocheza, sirudi tena kwenye kazi ya ofisini niliyopewa kwa kucheza, nabaki kwenye minofu ya samaki. Tangu nilipopasuliwa nasimama kwenye maji ya barafu na kisu mkononi. Harufu ya sangara imeniingia mpaka kwenye nywele. Uwanjani nilikuwa mtu, bibi. Mirongo nzima walikuwa wanaita jina langu.

BIBI KOKULINDA: Nilikuwepo, niliwasikia. Na siku uliyoanguka nilikuwepo. Sikusikia mtu akikuita.



ODETA: Mchezo mmoja tu.

BIBI KOKULINDA: Una miguu mingapi ya kuchezea mchezo mmoja tu? Mshipa ukikatika tena, hata kwenye minofu husimami. Likipona kweli, nenda karuke mpaka uguse mbingu, nitavuka kila Jumamosi nikupigie vigelegele.

ODETA: Litapona lini? Nitakuwa nimesahaulika!

BIBI KOKULINDA: Sijui lini. Sikudanganyi, sijui.

ODETA: Usimwambie kocha. Niapie.

BIBI KOKULINDA: Mimi simwambii. Utamwambia wewe.

ODETA: Bibi, anarudi. Nakata —

BIBI KOKULINDA: Usikate! Sista naye ameingia, anataka simu yake, wanasubiri kuongea na hospitali ya Geita habari za mgonjwa. Weka simu mezani. Usiifunike. Mimi nasikiliza.

ODETA: Siwezi.

BIBI KOKULINDA: Jumamosi nakuja na feri ya kwanza. Nitakaa benchi moja na wewe, wakicheka watucheke wote wawili. Lakini ukiingia uwanjani hivyo, nitafumba macho. Sitaangalia. Nilishaangalia mara moja. Ndiyo, Sista, namalizia… Odeta, weka simu.

[Simu inawekwa mezani, inagonga ubao.]

BIBI KOKULINDA: Odeta?… Umekata?

ODETA: [kwa mbali] Kocha. Samahani, kocha. Hilo jina usiliandike. Goti halikunjiki. Nimekuwa nikijichomesha sindano, nawadanganya wote —

BIBI KOKULINDA: Sista, tafadhali, ngoja kidogo. Mtoto anasema.