Norah Wacuka, Mwandishi Halali wa "Mwongozo wa Mgeni" (1950–1989)

Tuanze na jina, kwa kuwa jina ndilo lililochukuliwa. Marehemu aliitwa Norah Wacuka. Alizaliwa Jumatano, tarehe 3 Mei 1950, katika nyumba za reli za Makongeni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Njogu, ambaye alitutangulia, na Mama Wacera, ambaye yuko hapa mbele na ameomba wasifu huu usomwe kwa sauti kubwa. Masikio yake yamechoka, lakini hataki kupitwa na neno hata moja. Mama, leo hutapitwa.

Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, marehemu alipandishwa lori pamoja na mama yake wakapelekwa Murang'a bila kuulizwa kama wanataka. Waliporudi Makongeni alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wanaozijua nyumba za reli wanajua shida yake: mlango ni ule ule, rangi ni ile ile, hata mbwa wamefanana. Siku ya kwanza alitumwa dukani, na aliporudi akaingia nyumba ya watu, akafunua sufuria jikoni, akaanza kujipakulia. Mwenye nyumba akamkuta na mwiko mkononi.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa hapa," akajibu.

Mtaa mzima ulimcheka mwaka mzima. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo, familia yoyote mpya iliyohamia mstari wao ilimkuta mlangoni, tayari kuwaonyesha bomba liko wapi, choo kipi kina kufuli na jirani yupi haazimi chumvi. Hakuna aliyemtuma. Hakuweza tu kumwona mtu amepotea halafu akapita.

Alisoma shule ya msingi Makongeni, kisha sekondari ya wasichana, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1969 na kupata daraja la pili. Mwaka uliofuata alijifunza upigaji taipu na teleksi. Kuanzia 1971 hadi 1984 alikuwa mhudumu wa teleksi katika kampuni ya usafirishaji kule Industrial Area. Utepe wa teleksi, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, una vitobo vidogo vidogo badala ya maandishi, na marehemu aliusoma kwa macho, kama wengine wanavyosoma gazeti. Mabosi wanne walipita ofisi hiyo akiwafundisha kazi. Wote wanne walipandishwa cheo.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Dedan Ngigi, fundi wa injini katika karakana ya reli. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ngigi, Waruguru na Njogu. Mwaka wa 1979 walihamia Buruburu. Dedan alikuwa mtu wa maneno machache, naye marehemu alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili, na nyumba hiyo haikuwahi kukosa mgeni wala chai.

Mwaka wa 1985 aliajiriwa na shirika moja hapa mjini. Shirika hilo halitatajwa kwa jina katika wasifu huu. Wenyewe wanajijua, na baadhi yao wameketi safu ya nne upande wa kushoto. Mwaka wa 1987 kompyuta ya ofisi iliunganishwa na simu kwa kisanduku kiitwacho modemu. Kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla laini hazijajaa, marehemu alipiga simu ng'ambo, kisanduku kikalia kama paka aliyekanyagwa, na karatasi zikaanza kumiminika: barua, na pamoja na barua, vikundi vya majadiliano. Kwa wasiojua, kikundi cha aina hiyo ni kama ukumbi usio na kuta. Mtu wa Kanada anauliza swali, mtu wa India anajibu, wa Uswidi anampinga, na yote yanabaki yameandikwa ili wewe wa Jogoo Road uyasome na utie neno lako. Kuna kikundi cha madaktari, cha walimu, cha wakulima, cha kila kitu.

Shida ni kwamba mgeni akiingia humo anapotea, na akipotea anatukanwa. Marehemu aliliona hilo siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo alichukua zile karatasi ndefu zenye vitobo pembeni, ambazo ofisi ilikuwa ikizitupa, na kuanzia Januari 1988 akawa anakuja nazo kila Jumamosi saa nane katika ukumbi wa Kaloleni kumfundisha yeyote aliyetaka. Hakuwa na kompyuta ya kuleta. Alileta kamba ya kuanikia nguo na vibanio. Swali moja lilibanwa juu kwenye kamba, majibu yake yakaning'inizwa chini yake, na jibu la jibu likabanwa chini ya jibu. Mwanafunzi alipotaka kusema neno, sharti kwanza atembee kando ya kamba, asome yote, kisha aonyeshe kwa kidole anamjibu nani. Akaandika neno lake kwenye karatasi na kulibana mahali pake. Jumatatu asubuhi marehemu alilipiga taipu na kulituma, na Jumamosi iliyofuata jibu la dunia lilikuwa linaning'inia Kaloleni.

Bwana Wekulo, mhudumu wa zahanati, ametupa ruhusa ya kusimulia ujumbe wake wa kwanza. Alitaka kuwauliza madaktari jinsi ya kutunza chanjo ya surua umeme unapopotea. Aliandika ukurasa mmoja na nusu, wote kwa herufi kubwa kama telegramu. Aliwasalimu wote, akawasalimia wake zao, akauliza mvua ikoje huko kwao, akawajulisha kwamba yeye ni mzima na mzee wake aliyekuwa akiugua mguu sasa anatembea. Chanjo ilitajwa mstari wa mwisho. Marehemu alimshauri apunguze, Wekulo akakataa katakata: watu wazima hawaingii mahali bila salamu. Ujumbe ukaenda ulivyo. Jibu lilirudi mstari mmoja: kwa nini unatupigia kelele?

"Mimi nimepiga kelele saa ngapi?" Wekulo akafoka ukumbini. "Mimi nimeandika! Mama Ngigi, andika uwaambie, hawa watu hawakulelewa!"

"Keti, Wekulo," marehemu akasema. "Ukienda matangani ukute wazee wanazungumzia jeneza, utaanza kumpa mkono kila mtu na kumwuliza habari za ng'ombe?"

"La."

"Utafanya nini?"

"Nitatafuta kiti nyuma. Nisikilize wamefika wapi."

"Basi. Na ukiwa na neno?"

"Nitangoja aliyeshika neno amalize, kisha niseme la jeneza."

"Sasa liandike la chanjo. Kwa herufi ndogo; humo herufi kubwa ni kelele. Salamu utanipa mimi."

Ujumbe wa pili ulikuwa mistari minne. Ulipata majibu tisa. Majokofu ya zahanati ile yalipangwa upya, na bwana Wekulo hajatupa chanjo tangu siku hiyo.

Kutokana na Jumamosi hizo marehemu aliandika "Mwongozo wa Mgeni", kurasa ishirini na mbili, kwa Kiswahili ambacho mama yake anakielewa. Aliuandika Jumapili baada ya ibada, kwenye meza ya kulia chakula, kwa taipureta yake aliyoinunua mwaka wa 1976. Hilo mlishike vizuri: si saa za ofisi, si karatasi za ofisi, si mashine ya ofisi. Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la watu waliolelewa vyema. Alipomaliza, Novemba 1988, alimpelekea mkurugenzi nakala aisome kwanza, kama mtu anavyompelekea mkubwa wake malimbuko. Mkurugenzi aliisoma. Akaipenda sana. Akaipenda mpaka akawa ndiye aliyeiandika.

Februari 1989 figo za marehemu zilianza kukataa kazi, akalazwa. Aprili, akiwa kitandani, kitabu kikatoka: jalada la buluu, nakala elfu moja, zimetumwa hadi Kampala na Dar es Salaam. Kwenye jalada kuna jina la mkurugenzi na shahada zake zote mbili. Jina la marehemu halipo. Ukurasa wa pili kuna shukrani kwa "wahudumu wa ofisi kwa upigaji chapa". Huyo ndiye Wacuka wetu. Wahudumu. Kwa wingi, ili asijijue ni yupi.

Lakini mwizi wa haraka hasomi alichoiba. Fungueni ukurasa wa kumi na moja wa lile toleo la buluu. Imeandikwa: "Mume wangu Dedan husema, fundi akifungua injini kabla ya kuisikiliza, atabaki na nati mkononi asijue zilikotoka." Kwa hiyo, kwa mujibu wa shirika, mkurugenzi wao ana mume, na mume huyo anaitwa Dedan. Dedan mwenyewe yuko hapa mbele ya jeneza. Anasema hamfahamu.

Marehemu alimwandikia mkurugenzi barua mbili kutoka hospitalini. Hakuomba kingine chochote ila jina lake liwekwe kwenye jalada. Jibu lilikuja Mei, na lilikuja kwa miguu: mkurugenzi mwenyewe, na mfuko wa machungwa.

"Mama Ngigi, unaendeleaje?"

"Naendelea. Na wewe, mwandishi?"

Akacheka kicheko cha ofisini, akatoa karatasi. "Hii ni fomu tu, ya kuweka mambo sawa. Kazi ya mfanyakazi ni kazi ya shirika, unajua. Weka sahihi hapa chini."

Marehemu aliishika mbali na macho, akaisoma kuanzia juu hadi chini bila haraka, kama alivyokuwa akiwaambia watu wa Kaloleni. Kisha akamrudishia.

"Machungwa weka hapo. Karatasi rudi nayo."

Tarehe 2 Juni ofisi ilibadilisha neno la siri la kompyuta ili marehemu asiweze kuitumia tena kwa njia yoyote, na bwana Wekulo alipokwenda kuulizia majibu ya wanafunzi akaambiwa na askari wa geti kwamba kozi imefungwa. Wiki tatu hazikupita, wenyewe wakapotea. Majibu yalikuwa yakienda kwa vikundi visivyohusika, mkurugenzi akatukanwa na watu wa nchi saba, na hakuna hata mmoja ofisini aliyejua kufuata nani alimjibu nani. Wakafanya nini? Wakamtuma karani mgeni, Nzembi, akiwa na daftari, aende kumwuliza mgonjwa.

Dedan alisimama mlangoni mwa wadi. "Wacha wapotee," akasema. "Wapotee kabisa, wasionekane."

"Dedan, huyu siye aliyechukua," marehemu akasema. "Huyu amepotea tu. Msichana, vuta kiti. Una kalamu?"

Alimfundisha siku nne, mkono mmoja ukiwa na sindano ya maji. Walipokosa kamba walitumia uzi wa chandarua na karatasi za dawa. Watu watasema huo ni wema. Sisi familia tunasema ni wema, na pia tunasema ni aibu: kuna watu wazima wenye madereva waliomfungia mtu mlango, kisha wakamtuma mtoto wa watu akaombe ufunguo kwa mgonjwa yule yule. Hawakuleta hata machungwa mara hiyo.

Agosti hali ilizidi. Wanafunzi wa Jumamosi walipanga zamu ya kukaa naye mchana, na hakuna siku aliyokosa mtu wa kumsomea. Marehemu aliaga dunia Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1989, saa tisa alasiri, mikononi mwa Dedan. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Neno alilomwachia mumewe halikuwa refu: "Usigombane nao. Weka jina tu."

Dedan hakugombana. Jumanne Nzembi alikuja Buruburu na barua ya kuacha kazi mkononi, akakata upya stensili, zile karatasi za nta za kuchapia, kutoka nakala ya kwanza ya marehemu, ile yenye masahihisho yake kwa kalamu nyekundu. Wekulo na wenzake walizichapa kwa mashine ya mahali ambapo hatutapataja. Kila aliyepewa ratiba ya mazishi leo amepewa pia kitabu. Kiangalieni. Jalada ni la karatasi ya kawaida, wino umepaka kidogo pembeni, na jina ni moja: Norah Wacuka.

Ofisi ilileta barua jana kwamba kugawa kitabu hiki ni wizi, na chini ya barua hiyo hiyo ikaomba dakika tano za kutoa rambirambi. Dakika tano zimekataliwa. Kuhusu wizi, anayetaka kushtaki asisumbuke kututafuta: Dedan huwa nyumbani kila siku kuanzia saa kumi na moja jioni, na watoto wa mtaa watamwonyesha mlango.

Marehemu ameacha mama yake, Wacera; mumewe, Dedan; watoto Ngigi, Waruguru na Njogu; ndugu wanne, wapwa na jamaa; na wanafunzi thelathini na wanane wa Jumamosi, ambao wiki ijayo saa nane watakuwa Kaloleni kama kawaida, Nzembi akishika kamba.

Yeye apumzike kwa amani. Amani yetu sisi itangoja jalada la buluu libadilishwe.