Mama Sindano na Mjukuu Aliyejipiga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi cherehani mmoja aliyefariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na nane. Mtaa mzima ulimwita Mama Sindano, na si kwa sababu ya kushona tu. Mteja akichelewa kufuata gauni lake alipokelewa hivi: "Kumbe bado upo! Nilishataka kulivaa mwenyewe."

Lakini kuna jambo lililomkosesha raha. Mjukuu wake, binti wa miaka kumi na tatu, ana usonji. Haongei. Na mwaka juzi alianza kujipiga ngumi usoni, puu, puu, mpaka ngozi ikachubuka. Roho ya bibi ikawa juu kutwa. Je, akijipofua?

Majirani nao hawakukosa la kusema. "Ukaidi huo, mchapeni!"

"Anajipiga mwenyewe, na wewe umwongeze?" bibi aliwaka.

Akafanya alilolijua. Akamshonea binti kofia yenye sponji mashavuni. Ikachanika. Akaongeza sponji. Ikachanika tena, akashona nyingine. Wasikilizaji, hilo ndilo kosa la fundi: akiona tundu, anaweka kiraka. Ngumi zikawa hazisikiki, bibi akashusha pumzi, kumbe shida ya mtoto iko palepale.

Siku anaifumua kofia ya nne, mkono ukasita. Mbona viraka vyote viko kushoto? Kulia pazima kabisa! Au ni jino? Akamkimbiza binti kwa daktari wa meno. Gego la kushoto lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi.

"Mtoto hana maneno, alikuwa na ngumi tu," alimwambia mwanawe, mama wa binti. "Na mimi nikaziba hata hizo." Alilia sana siku hiyo.

Tangu hapo, binti akijipiga, bibi aliuliza kwanza. Anajipiga wapi? Imeanza saa ngapi? Kabla yake kulitokea nini? Ni jino, sikio, au kelele?

Sasa bibi hayupo. Siku ya mazishi binti alipelekwa kwa jirani, umati usimchanganye. Kesho yake akaanza kujipiga tena, safari hii kwenye paji la uso. Mama yake akahaha. Meno mazima, masikio mazima, tumbo halina neno. Daktari naye hakuona kitu. Ndipo mjomba alipouliza, "Dada, huyu mtoto nani amemwambia kuwa bibi yake amefariki?"

Hakuna aliyemwambia. Nyumba nzima ilipeana pole, yeye akarukwa.

Mama akampeleka kaburini, akamweleza kwa maneno machache. Binti alijipiga mara mbili, kisha akakaa chini akalia. Bado anajipiga siku nyingine, na mama bado ana hofu.

Wasikilizaji wapendwa, mtoto wa namna hii akijipiga, mkingeni asiumie, halafu tafuteni kinachomuuma. Msiishie kwenye kumkinga.

Kwa familia yote, poleni sana kwa msiba. Na wewe binti, mama yako ametuambia redio iko hapo ulipokaa. Bibi yako amefariki. Pole, mwanetu.