Blia Thao na Jina Lililoitwa Bungeni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Blia Thao, mama yao Youa na Neng. Haya nimeyapata kwa Youa mwenyewe, Jumatatu hii, tulipokuwa tukisugua masufuria ya msiba kule ukumbini. Bi Blia ametutoka. Mwanawe Neng, kwa tujuavyo, bado yuko jela. Shikeni hayo mawili, mengine yatafuata.

Neng ndiye kifungua mimba wake. Sisi tulipouvuka mto Mekong kukimbia vita, yeye alibaki ng'ambo na watu wa mkewe. Baadaye akaingia dini ya Yesu, akawa anakusanya majirani nyumbani kwake kusali. Kwa hilo akafungwa. Mama yake, hapa Saint Paul, hakuwa Mkristo. Alishika ya wazee mpaka mwisho. Lakini mtoto ni mtoto.

Basi mbunge wetu mmoja, binti wa ukoo wa Lor, akaandaa azimio la Bunge la jimbo: serikali ya kule iheshimu uhuru wa kila mtu kuabudu apendavyo, na Neng aachiwe. Akaja kuwaeleza Bi Blia na Youa jikoni kwao. Bi Blia akamsogezea wali wa kunata na pilipili ya kutwanga.

"Kula, Mheshimiwa. Umekonda. Huko Bungeni hawapiki?"

"Wanapika maneno tu, Bibi."

"Na hayo maneno yatamfungua mwanangu?"

Binti yule akaacha kula. "Sitakudanganya, Bibi. Azimio si amri. Serikali ile hailazimiki kutusikiliza. Tunachoweza ni kulitaja jina lake mbele ya watu, lisisahaulike."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Bibi."

Bi Blia akamwongezea wali.

Siku ilipofika, Bi Blia na Youa walikaa juu, mahali pa wageni. Karani akasoma. Wabunge wengine walikuwa wanachezea simu zao. Jina la Neng likasomwa, wanaoafiki wakasema ndiyo, asiyeafiki hakuwepo. Mara wakahamia mambo ya madaraja. Youa alikuwa analia kwa furaha. Alipomgeukia mama yake, akamkuta amekunja uso, anatazama pembe za dari kama mtu aliyepotelewa na ndege.

"Mama, hukufurahi?"

"Wamemwita mwanangu kwenye nyumba isiyo yetu. Amekuja. Nani amemwambia arudi?"

Sisi tunajua, wasikilizaji wapendwa. Roho ya mtu ikiitwa kwa jina, huja. Ikiachwa huko ilikoitwa, mwenyewe huugua. Na Neng alikuwa jela, hana hata wa kumpa maji ya moto.

Kesho yake asubuhi wakarudi kwenye lile jumba la Bunge lenye kuba. Wamebeba yai la kuchemsha, ubani, na shati la Neng la utotoni. Theluji inaanguka. Mlinzi akawazuia mlangoni. "Mama, moto hauruhusiwi hapa." Youa akamweleza. Mlinzi akalitazama lile shati, dogo kama la mwanasesere. "Simameni pale kwenye ngazi," akasema. "Mimi nitaangalia upande ule."

Youa aliyajua maneno ya kuita roho tangu utoto. Njoo nyumbani, njoo kwenye wali wa moto, njoo kwa mama. Akayangoja. Bi Blia akalikunjua shati. Kisha akasema:

"Neng, mwanangu. Najua umekuja. Sasa rudi."

Youa akamkamata mkono. "Mama, mwite nyumbani. Si yuko hapa? Mwite."

"Nikimwita kwangu, kule atabaki nani? Atabaki mwili mtupu. Atakufa." Akapaza sauti. "Rudi, mwanangu. Vuka maji, ingia mlango ule ule waliokuingizia, kaa ndani ya mwili wako. Mimi naondoka. Usinifuate."

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa? Mama alimrudisha mwanawe jela kwa kinywa chake mwenyewe.

Yai akaliacha ngazini, masurufu ya njiani. Wakashuka. Youa akasema, "Lakini Mama, Neng ni Mkristo. Mambo haya hayataki, atakasirika."

"Na akasirike. Mwenye hasira yu hai."

Tangu siku hiyo Bi Blia hakukubali tena kupitishwa barabara ile ya Bunge, mwanawe asije akamfuata. Waliuliza habari za Neng huku na huku. Hakuna aliyejibu. Mpaka baridi hii, mama akaenda zake bila kujua.

Msibani, Mzee Nchai ndiye aliyeimba kuionyesha roho yake njia ya kurudi kwa wazee. Akampitisha marehemu mahali pote alipoishi, akirudi nyuma: nyumba ya Saint Paul, kambi ya wakimbizi kule Thailand, ukingo wa mto. Youa akamwinamia. "Mjomba, mpitishe na jela aliko Neng. Mama mwenyewe aliniagiza."

"Njia hii ni ya mahali alipoishi mtu, mwanangu. Kule hakuishi."

"Aliishi wapi basi, Mjomba? Hapa alikuwa anapika tu."

Mzee akaipiga ngoma. Kisha akaimba: ukishavuka mto, kabla ya kijiji ulikozaliwa, ingia mlango wa jela, mshike mwanao mkono.

Mama alimwambia mwana asimfuate. Sasa yeye ndiye amemfuata.

Youa, watu wa ukoo wa Thao alikozaliwa, nanyi wa ukoo wa Vang alikoolewa, poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, ukisikia jina la mfungwa linasomwa mbele ya wakubwa, usiseme ni maneno matupu. Usiseme pia kwamba yametosha. Jiulize, wakishahamia mambo ya madaraja, nani anabaki na lile jina?

Masufuria yalipokwisha nilimfikisha Youa nyumbani. Akajilaza kitandani kwa mama yake, koti hajalivua, lile shati dogo liko chini ya shavu. Tangu msiba uanze hakuwa amefumba jicho. Nikamfunika blanketi. Alianza kuniambia kitu kuhusu Neng, hakukimaliza. Akalala.