Mama Mvuke na Mchana wa Seremala

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mpishi mkuu wa jiko la wagonjwa hapa hospitalini anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Karibu sote tunamfahamu kwa jina la Mama Mvuke. Alibatizwa jina hilo na wasafishaji wa korido, kwa sababu kila akifungua mlango wa jiko lake, mvuke ndio hutangulia kutoka.

Alianza kwa kuosha sufuria, akawa msaidizi, kisha akakabidhiwa kona ambayo wapishi wengine waliikwepa: chakula cha wenye matumbo yasiyostahimili kitu. Hakuna kukaanga, hakuna pilipili, mafuta ni tone tu. Wenzake walimtania kwamba anapikia vichanga wenye ndevu. Alicheka nao, huku akiendelea kutoa miiba ya samaki kwa ncha za vidole, maana jicho, alisema, haliaminiki.

Wengi watakumbuka chakula chake cha mchana: samaki wa nyama nyeupe aliyeiva kwa mvuke, karoti inayopondeka kwa uma, na wali laini wenye majimaji. Mimi, muuguzi wa wodi ya upasuaji, namkumbuka zaidi kwa mchana wa seremala.

Seremala huyo alikuwa amepasuliwa na kuondolewa sehemu ya tumbo. Kila alichopewa alikitapika, mwishowe akaacha kula kabisa. Asubuhi hiyo daktari alimweleza mke wa seremala kwamba mumewe akishindwa tena, itabidi arudishwe kwenye chumba cha upasuaji, na kwa udhaifu ule huenda asihimili. Kisha daktari akashuka jikoni, akashauriana na Mama Mvuke: samaki kidogo, vijiko vichache, bila haraka.

Trei ya kwanza ilirudi haijaguswa. Ya pili aliileta Mama Mvuke mwenyewe. Seremala akageukia ukutani. Mkewe akamsihi, akalia, akamsihi tena. Kadiri alivyozidi kusihi ndivyo mume alivyozidi kufumba mdomo. Mama Mvuke akawatazama wote wawili, kisha akamwomba yule mke ashuke jikoni akawasaidie wapishi kumenya karoti.

Mlango ulipofungwa, seremala akasema kwa sauti ya chini, "Nikitapika tena mbele yake, mama, sitaweza kumtazama usoni."

"Sasa hayupo," Mama Mvuke akamjibu. "Tupo sisi tu, na sisi tumeshaona mengi."

Kijiko cha kwanza kilikaa mdomoni muda mrefu. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimeshika beseni. Akameza. Akapokea kingine, na kingine. Ghafla akajishika tumbo, jasho likamtoka, akainama upande wangu. Mama Mvuke akamwekea kiganja mgongoni. Tukasubiri. Mara seremala akabeua kwa nguvu, akafumbua macho kama anayejishangaa. Beseni lilikuwa kavu. Akaomba kijiko kingine.

Nilishuka kumpa mkewe habari. Nilimkuta mbele ya rundo la karoti zinazotosha wodi zote, bado anamenya. Nilipomwambia mumewe amekula na chakula kimetulia, akaweka kisu mezani, akaketi sakafuni palepale. Seremala hakurudishwa kwenye upasuaji. Aliondoka kwetu kwa miguu yake, mkewe akimbebea mfuko.

Tangu hapo wodi yetu humpa mgonjwa nafasi ya kula mlo wa kwanza bila macho ya ndugu, akipenda hivyo. Ni Mama Mvuke aliyeliomba jambo hilo, na daktari akalikubali siku hiyohiyo.

Wiki iliyopita tulimuuliza atakwenda kupika nini nyumbani. Akatuambia, bila aibu hata kidogo, kwamba hajawahi kumpenda samaki wa mvuke. Anampenda aliyekaangwa hadi akakauka, mwenye pilipili ya kutoa machozi.

Basi nenda, Mama Mvuke. Asante kwa matumbo yote uliyoyabembeleza. Kaanga utakavyo, tia pilipili hadi majirani wapige chafya, na maisha yakuendee vyema.